Sisimizi wa Ethel Bartholomayo

Ndugu waombolezaji, mliotoka Newala mjini na mliopanda kutoka bondeni, haya ni maisha ya marehemu Ethel Bartholomayo, yameandikwa na Theodora, mdogo wake wa tumbo moja, na yanasomwa na mwana wa marehemu, Cuthbert, neno kwa neno kama yalivyoandikwa.

Marehemu alizaliwa Mkunya mwezi Agosti 1916, katika vita vya Wazungu, akabatizwa Anglikana na kupewa jina la sista wa Kiingereza ambaye hakuwahi kumwona. Kuhusu masomo, hakusoma, shule ilikuwepo ila maji hayakuwepo, na anayeshuka bondeni alfajiri na kurudi na mtungi jua limeshapanda hana saa ya kushika ubao, aliyefika darasa la nne ni Theodora, kwa kuwa dada yake ndiye aliyemchotea maji.

Kazi yake ilikuwa tiba ya kisukari, aliyofundishwa na bibi mzaa mama mwaka 1931. Mgonjwa hukojoa kando ya njia ya sisimizi, wakijaa, ana sukari, ndipo anywe maji ya mzizi, kwa kipimo cha kiganja chake mwenyewe, na kila siku ya tatu arudi kwa sisimizi, wakiacha kuja, dawa inakoma siku hiyohiyo, maana asiyekoma, mzizi humwangusha.

Mwaka 1936 aliolewa na Cecil, mwalimu wa dini, aliyefariki 1958, wakazaa watoto sita, wamebaki Julia na Cuthbert. Uhuru ulipokuja Desemba 1961, marehemu hakuuona mwenge wala ngoma, alikuwa na wagonjwa watatu uani. Vita vya Msumbiji vilipoanza 1964 alitibu wakimbizi waliovuka Ruvuma, akaendelea kuchimba mizizi bondeni huku mizinga ya Wareno ikisikika ng'ambo. Mwaka 1973 alihamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba ilihama, miti haikuhama, akawa anatembea nusu siku kuifuata.

Tarehe 6 Juni 1974 walikuja wataalamu wanne kutoka mjini, kwa Landrova, kutafiti dawa za asili za kisukari. Marehemu alijua Kiswahili cha sokoni tu, kwa hiyo alieleza kwa Chimakonde na Cuthbert, aliyekuwa bwana afya mwenye soksi ndefu, akatafsiri. Maelezo ya mama yalichukua muda wa kuivisha mihogo, tafsiri ilichukua muda wa kupiga chafya. Walipouliza, "Bwana Cuthbert, mama anasema nini hapo?" alijibu, "Anasema mzizi unachemshwa, unanywewa." Sisimizi aliwaruka, kwa kuona haya mbele ya wasomi. Theodora alikuwepo, akiwapakulia, alisikia lugha zote mbili na akanyamaza, hilo nalo lisomwe.

Mwaka 1977 karatasi yao ilirudi, ikiwa na majina manne, la marehemu halimo, ikasema mzizi unashusha sukari bila kikomo, uliwaangusha watu waliojaribiwa, haufai. Kamati ya kijiji ikampiga marufuku kutibu. Alimuuliza mwanawe, "Baba, si niliwaambia siku ya kuacha?" na baba huyo akatazama viatu vyake.

Julai 1979 sisimizi walijaa kwenye mkojo wake mwenyewe. Akasema, "Wamenifuata na mimi, nichimbieni mzizi." Cuthbert alikataa, akamsomea ile karatasi. Alipelekwa hospitali, akachomwa sindano na kupata nafuu, masika yakakata barabara, sindano zikaisha, kidonda cha dole gumba la mguu kikapanda juu, akafariki Ijumaa tarehe 11 Aprili 1980, akiwa na miaka sitini na mitatu. Kama mzizi ungemwokoa, hakuna ajuaye, na hakuna aliyemwacha ajaribu.

Familia inawashukuru waganga na wauguzi wa hospitali, waliofanya walichoweza kwa dawa zilizokuwepo, majirani wa Mkunya kwa maji ya msiba, kila ndoo ikiwa imebebwa kichwani, na wafanyakazi wa idara ya afya waliokuja na mwenzao Cuthbert. Wale wanne wa Landrova hawakupewa taarifa, anwani yao haikuachwa.

Shukrani ya mwisho ni kwa msomaji, ambaye leo ameyasema maneno yote ya mama yake mbele za watu, bila kuruka hata sisimizi mmoja.

Ethel, umeshatafsiriwa. Lala sasa, kwa amani.