Kizibo cha Pili

Wakulima wenzangu wa mboga, wakubwa shikamooni. Mwenyekiti amenipa nafasi, na mnanijua, nikishasimama sikai upesi. Shule niliishia darasa la nne, lakini yale malori mawili yanayoshusha kabichi zenu kutoka huku Mgeta ni ya nani? Haya.

Mwaka jana kichwa kilikuwa kinanigonga, uso mwekundu, nikioga maji ya moto mwili mzima unawasha. Hospitalini Morogoro mjini wakanipima mara tatu. Daktari, binti mdogo tu, akasema, "Mzee, mwili wako unatengeneza damu kupita kiasi, inakuwa nzito. Ni ugonjwa wa nadra." Ndugu zangu, nilitoka pale najisifu! Nani mwingine hapa Mgeta amezidiwa na damu?

Wakanipunguza damu, wakanipa na kopo la vidonge. Kimoja kwa siku, na kila baada ya wiki mbili nirudi kupimwa. Nesi akanisisitiza, "Baba, usiongeze, usimpe mtu, na mjamzito hata kuvishika asivishike." Nikamjibu, "Mwanangu, mimi dawa nimeanza kuijua hujazaliwa."

Dawa gani niliyoijua? Ya kupulizia wadudu shambani. Tusidanganyane hapa. Chupa imeandikwa kizibo kimoja kwa bomba, sisi tunaweka viwili, mvua ikizidi tunaweka vitatu. Asiyefanya hivyo anyooshe mkono. Mnaona? Basi mwezi wa kwanza kichwa kikatulia. Nikasema, kama kimoja kimefanya hivi, vitatu vitamaliza kazi. Nikawa nameza vitatu kila asubuhi. Kupimwa sikwenda, kabichi zilikuwa zimekomaa.

Mdomo ukaota vidonda, nikasema pilipili. Fizi zikatoa damu, nikasema mswaki mpya. Mke wangu akauliza, "Mswaki mpya upi, huo wa mwaka juzi?" Siku homa iliponishika, nilishindwa kupanda lori langu mwenyewe. Walinibeba kama gunia la karoti.

Daktari alitazama majibu, akayatazama tena. "Umekuwa unameza vingapi?" Nikasema vitatu. Akakaa. "Mzee, damu inatengenezwa ndani ya mifupa. Dawa hii inapunguza moto tu kwenye hicho kiwanda. Wewe karibu ukizime."

Mimi niliyezidiwa na damu nikalazwa naongezewa damu ya mtu nisiyemjua, tone kwa tone. Nawaambia, mshtuko ule haujanitoka.

Dawa ikasimamishwa, wiki zikapita, damu ikaanza kurudi. Siku moja mke wangu akaja na lile kopo, amehesabu. "Hata kama ulikula vitatu kila siku, bado hesabu haitimii. Vingine viko wapi?"

Vingine nilivigawa gulioni. Kila aliyelalamika kichwa nilimwambia, "Chukua hii, dawa ya wakubwa."

Nimetoka hospitali wiki iliyopita. Kabla sijafika nyumbani nimewapitia wanne, vidonge wamenirudishia, mmoja alikuwa amemeza kimoja na amekwenda kupimwa. Wa tano simkumbuki. Nilikuwa nimenogewa na maneno yangu, sikumtazama usoni. Nakumbuka mkono tu, wa mwanamke, una udongo wa shamba, ukavifunga viwili kwenye pindo la khanga.

Nawashukuru daktari, nesi niliyemdharau, mtu yule aliyetoa damu yake, na mke wangu, ambaye, sasa daktari ameniruhusu kuanza tena dawa, kopo analishika yeye na kunitolea kimoja kila asubuhi. Wiki ijayo napimwa, hata kabichi ziozee shambani. Na nyinyi, dawa ya hospitali si ya kupulizia. Ukiandikiwa kimoja ni kimoja, na ni chako peke yako.

Dada, au mama, sijui nikuite nani. Kama bado viko kwenye pindo, usivifungue, niletee hivyo hivyo. Kama ulivimeza, na zaidi kama una mimba, lori liko hapo nje, twende mjini sasa hivi, na hakuna atakayekuuliza neno. Kama hupo, mwenye kumjua amwambie leo.

Mwenyekiti, leo nakaa upesi. Naomba tunyamaze kidogo, nimsikilize kama atasimama.