Mke Mwenza wa Jangwani

Ndugu, majirani na marafiki mliofika kutufariji, kwa niaba ya familia ninawasomea maisha ya kaka yetu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimwita Babu Viazi.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, katika nyumba za nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi wa tanuri, akaanza shule ya msingi ya jirani mwaka 1958, na akahitimu chuo cha kilimo Novemba 1974. Mwaka uliofuata aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa mimea, akakabidhiwa mimea adimu ya jangwani, vichaka vya jamii ya viazi vitamu, ile ambayo maua yake huchanua alfajiri na kufumba kabla ya adhuhuri, na jina la utani likaanzia hapo.

Tarehe 12 Juni 1979 alifunga ndoa na shemeji yetu, wakajaliwa mabinti wawili, mwaka 1981 na 1984, na wote walizaliwa baba yao akiwa jangwani. Kile kichaka alichokuwa akikikimbilia, shemeji alikiita mke mwenza. Sisi tulicheka, yeye hakucheka.

Mwaka 1996, vichaka vilipobaki vichache, marehemu aliwafukuza wafugaji na mbuzi wao, akazungusha uzio wa nyaya, akatia lango kufuli, na ufunguo akauvaa shingoni. Lakini ndani ya uzio hakukuota mche hata mmoja, na alipokuja kutambua kwamba mbegu zile, ngumu kama kokoto, huota zikishapita tumboni mwa mbuzi, vichaka vilikuwa vimekufa kwa uzee, kimebaki kimoja. Majuto ni mjukuu, na huyu alimpakata mpaka mwisho.

Tarehe 9 Januari mwaka huu alilazwa kwa maradhi ya figo, na kila aliyemtembelea, marehemu alimsihi akafungue lango kabla ya mvua, nasi tukamjibu kwamba atakwenda mwenyewe akipona. Alifariki alfajiri ya tarehe 27 Februari, ameushika ufunguo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani mliokesha nasi, wafanyakazi wenzake wa kituoni, na wafugaji aliowafukuza, ambao wameketi pale nyuma.

Shemeji ndiye aliyewafuata juzi kwa gari la kituo, akifika jangwani kwa mara ya kwanza maishani mwake. Hajatuambia kama kichaka kile kingali hai. Ametuambia tu kwamba lango liko wazi, na mbuzi wameachwa ndani.

Kaka, umekwisha kufunguliwa lango. Pumzika.