Protasi Ntirampeba, Mtunza Makaburi ya Askari

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, viongozi wa serikali, wazee wetu ambao nawapa shikamoo, ndugu na majirani mliotoka hapa Runazi, Nyabusozi na kule kwetu Ngara, mimi ni Agripina, mtoto wa tatu wa marehemu, na familia imeniomba nisome maisha ya Baba kwa sababu, kama Mama alivyosema asubuhi hii, wenzangu wakisimama hapa watalia, mimi nitacheka, na Baba alipenda watu wacheke.

Marehemu Protasi Ntirampeba alizaliwa tarehe 14 Machi 1950 katika kata ya Kibimba, wilaya ya Ngara, akiwa mtoto wa tano kati ya watoto wanane wa mzee Gaspari na mama Ildefonsa, wakulima wa migomba na maharage. Alisoma shule ya msingi hukohuko Kibimba kuanzia mwaka 1960 hadi 1966, akasifika kwa mwandiko mzuri na kwa kuchanganya herufi l na r, jambo lililomletea viboko vya kutosha, na ambalo miaka mingi baadaye lilimfanya achonge jina la koplo mmoja kwa makosa juu ya kaburi lake, hadi mjukuu wa koplo akaja kumsahihisha, na Baba mwenyewe alikuwa wa kwanza kuisimulia habari hiyo.

Baada ya shule alijifunza uashi misheni kwa miaka miwili, akahamia Biharamulo mwaka 1969, na tarehe 1 Oktoba 1973 aliajiriwa kutunza yale makaburi ya zamani ya mjini, yaliyoanza kutumika tangu enzi za Wajerumani, ambako wamelala pia askari wetu waliorudi na nishani kutoka vita kuu ya pili, na baadaye wale wa vita vya Kagera waliofia nyumbani kwa uzee na maradhi. Alikuta vichaka vimefika kifuani, misalaba ya mbao imeliwa na mchwa, na watu wanakata njia juu ya makaburi kwenda sokoni.

Mwezi Novemba 1974 alifika pale binti mmoja, Selestina, akitafuta kaburi la baba yake, Koplo Faustini, aliyefariki mwaka 1968, na Baba, ambaye hakujua lilipo, alimkaribisha, akamwomba radhi, akaanza kumuuliza na habari zake mwenyewe, kama anaishi wapi na kama ameolewa. Mama yetu, ambaye yupo hapa na ameniruhusu niseme, alimjibu, "Nitafutie kwanza baba yangu, hayo mengine baadaye." Baba alifyeka na kuchimbua kwa mwaka mmoja na miezi mitatu, safu kwa safu, mpaka tarehe 9 Februari 1976, chini ya mzizi wa kichaka, jembe lake lilipogonga kibati chenye namba ya jeshi ya Koplo Faustini, namba ambayo Mama alikuwa anaijua kwa kichwa. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 12 Juni 1976, na siku hiyo bibi yetu alimvalisha mkwe wake nishani ya marehemu koplo kwa muda wa kupiga picha moja tu, kisha akaivua mara moja na kuirudisha mkobani, akisema kwamba aliyeipata yuko kaburini, huyu amepata binti na inamtosha.

Mungu aliwajalia watoto wanne, Gaspari, Josiane, mimi Agripina na Generoza, na wajukuu kumi na mmoja, na wote tulijifunza kusoma kwa kufuata maandishi ya makaburini kwa kidole, ndiyo maana mwalimu wangu wa darasa la kwanza alishangaa kuona mtoto anayejua kuandika neno sajenti kabla ya neno kuku.

Baba alistaafu tarehe 14 Machi 2010, lakini aliendelea kwenda kila asubuhi na fyekeo lake begani, na hapo ndipo lilipomkuta jambo zito kuliko yote, kwani mwezi Mei 2011 ulikuja mpango wa kutengeneza maegesho ya malori, na mtaalamu mmoja wa ramani, ambaye Baba hakuwahi kulitaja jina lake, alisema kwamba kaburi lolote lisilo na jina wala ndugu ndani ya siku sitini litafukuliwa na mifupa kuzikwa katika shimo moja. Makaburi ya askari yalikuwa kumi na saba, na yenye majina yalikuwa saba tu. Baba hakugombana na mtu, alijaza upepo baiskeli, akiwa na miaka sitini na mmoja, akaondoka na daftari na vibati vya namba za jeshi alivyokuwa amevifukua kwenye makaburi yasiyo na majina. Alikwenda Ngara, alilala Kibimba kwa ndugu, alirudi kwa njia ya Nyabusozi, na huko, katika mji wa mzee Ndassa, yaani nyumbani kwa ukoo wake, alimkuta beberu amefungwa shingoni nishani ya vita, wenye mji wakidhani ni sarafu ya zamani, naye alivua kofia, akasimama wima mbele ya yule beberu, akapiga saluti. Mzee Ndassa alimuuliza, "Wewe mzee, ni mzima kweli?" Baba alimjibu, "Mimi mzima, ila huyu mbuzi wako amevaa heshima ya baba yako." Wiki iliyofuata mji mzima wa Ndassa ulikuja Biharamulo, na nishani ikiwa imesafishwa kwa majivu.

Siku ya hamsini na nane walikusanyika watu arobaini na mmoja, wenye picha, barua na vyeti, na makaburi kumi na sita yakasomwa kwa majina. Yule mtaalamu akasimama mbele ya la kumi na saba, akauliza ndugu zake wako wapi, na Baba, aliyekuwa amelitafutia jina kila mahali akalikosa, akasema, "Huyu ni wa nyumbani kwangu, andika Ntirampeba." Mtaalamu akaandika. Malori yalipangiwa upande mwingine wa mji, na sisi, kila Siku ya Mashujaa, tunampelekea maua baba mdogo ambaye hatujui hata kabila lake.

Baba alianza kusumbuliwa na figo mwezi Januari 2025, na alipolazwa alimhoji kila muuguzi habari za babu yake, akampata mmoja ambaye babu yake amelala safu ya pili. Kule makaburini imebaki nafasi moja tu, ya Sajenti mstaafu Niyonzima, ambaye yupo hapa mbele na nishani yake ya vita vya Kagera, na ambaye alikuja wodini kumwachia Baba nafasi hiyo. Baba alimwambia, "Hapana, afande, hapo ni pa wenye nishani, mimi nipeleke Runazi kwenye maharage yangu." Sajenti alisimama akampigia saluti, na Baba akacheka mpaka muuguzi akaja. Alifariki Alhamisi tarehe 18 Septemba 2025, akiwa na miaka sabini na mitano, miezi sita na siku nne.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kulala nasi, wafanyakazi wenzake wa zamani, na familia zote kumi na sita za askari zilizofika leo bila kukosa hata moja.

Baba, zamu ya kufyeka tuliipanga jana usiku, na jina la kwanza ni langu. Upumzike sasa, kwa amani.