Pale Penye Mramura: Anatolia Kokwijuka, 1951–2025

Marehemu Anatolia Kokwijuka alizaliwa Ihanda tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa Mzee Xaveri na Mama Adventina. Alizaliwa kabla ya wakati, mdogo wa kulazwa kwenye ungo, na majirani wakamshauri mama yake asijichoshe kumtafutia jina. Jina akapewa. Tangu siku hiyo hakuacha kubishana na kifo.

Alisoma shule ya msingi hadi darasa la nne, akatolewa ili kaka yake asome. Jambo hilo lilimuuma mpaka uzeeni, naye hakulificha. Ndiyo maana watoto wake wote, wa kike kwa wa kiume, walisomeshwa kwa kahawa ya kibanja hiki, shamba letu la nyumbani, na kwa ndizi alizozikokota kwa baiskeli mpaka sokoni Kayanga.

Tarehe 8 Agosti 1970 alifunga ndoa na Cleophace Rwegoshora. Miaka michache baadaye Cleophace alirudi kutoka Kayanga na kijana wa Kirundi aliyekuwa akitafuta kibarua, jina lake Manirakiza. Alikuja kwa msimu mmoja wa kahawa, akakaa zaidi ya miaka arobaini. Mibuni mnayoiona nyuma ya turubai hili ni kazi ya mikono yake. Cleophace alipofariki mwaka 1998, ni Manirakiza aliyehakikisha nyumba hii hailali njaa. Yeye mwenyewe hakuoa, wala hakupata tena habari za kwao.

Manirakiza alifariki Juni 2019, na wengi wenu mlikuwepo kwenye msiba ule. Kwetu sisi anayezikwa kibanjani ni wa kibanja, hivyo wazee wa ukoo walitaka apelekwe makaburi ya kijiji. Mzee Projestus, shemeji wa Mama Anatolia, yuko hapa mbele na hatakataa kwamba alisema: "Shemeji, ukimzika mgeni hapa, kesho ndugu zake watakuja kudai ardhi."

"Ndugu zake ndio sisi," alijibu Anatolia. "Nakuheshimu, shemeji, lakini huyu haondoki. Sote tunaelekea huko huko chini, mimi na wewe karibuni tu. Ameulima udongo huu maisha yake yote, leo mnasema haumfai?"

Akainuka mkekani, akachukua jembe, akapiga la kwanza mwenyewe, hatua chache kutoka kaburi la mumewe. Mwanamke kuchimba kaburi, jamani! Vijana waliona aibu, wakampokea. Jioni alipanda mramura, ule mmea wetu wa mipaka, kwenye nafasi iliyobaki katikati ya makaburi mawili. "Hapa ni kwangu," akasema. "Asisumbuke mtu kunitafutia pengine."

Mwaka 2023 alianza kuumwa tumbo, ikagundulika ni saratani. Alitibiwa, akachoshwa na safari, akaomba arudi nyumbani. Waliokuja kumwona na nyuso za msiba aliwafokea: "Mbona mnanililia na mimi nawaona? Pikeni, tule." Kufa alikuogopa, na alikiri hivyo. Alichokataa ni kufa akiwa amejikunyata. Alifariki Jumatano, tarehe 15 Oktoba 2025, mchana, akiwa ameketi barazani na kuwakosoa waliokuwa wakimenya ndizi.

Maneno yakaanza tena: alazwe upande wa pili wa mumewe, mbali na mgeni. Watoto wakakataa katakata, na kikao kikavunjika. Jana asubuhi Mzee Projestus alikwenda peke yake mpaka pale, akaung'oa mramura taratibu, akauweka pembeni ili upandwe tena leo, kisha akaomba jembe.

"Alinishinda siku ya Manirakiza," alisema. "Sina nguvu za kushindwa tena." Akapiga la kwanza.

Marehemu ameacha watoto wanne, Vero, Eliud, Ambrose na Therese, wajukuu kumi na mmoja, na Mzee Projestus, mbishi mwenzake. Mungu ampe amani Mama Anatolia, alale alipopachagua mwenyewe, kati ya watu wake wawili.