Mlango Uliopigwa Randa Mara Mbili

Mashahidi wote saba waliotoa maelezo juu ya siku mlima uliposhuka walikubaliana katika mambo matatu, nami nayataja kwanza ili msije mkasema baba yenu alianza na yale yanayomfaa. Walikubaliana kwamba siku tatu kabla ya hapo chemchemi iliyo nyuma ya jiko ilianza kutoa maji yenye rangi ya chai ya maziwa, ingawa mvua ilikuwa imekatika. Walikubaliana kwamba mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa unakwama, ukifungwa haufunguki mpaka upigwe bega. Na walikubaliana kwamba mama yenu alikuwa ameshatoka nje, mzima, miguu iko uani, kisha akarudi ndani. Ubishi ulibaki katika jambo moja tu, alirudi kufuata nini, na kwa miaka ishirini na sita mmeishi na majibu mawili ambayo yote hayana ushahidi.

Sogeeni, wanangu. Wewe seremala, mwanangu wa kwanza, kaa kwenye kigoda hicho nikuone uso. Wewe muuguzi, mdogo wake, acha kunishika mkono ukihesabu mapigo, utayahesabu nikimaliza. Nawe mkamwana, usisimame na mimba ya miezi saba, kaa hapa kitandani kwangu. Nazungumza mchana, akili yangu ikiwa timamu, bila kushurutishwa na mtu, na ninyi watatu ndio mashahidi wangu.

Jirani yetu fundi cherehani, Mungu amrehemu, aliyewavusha barabara ninyi wawili siku ile, alisema mama yenu alirudi kuchukua shuka la kuwafunika. Hakumwona akilichukua, alikisia, kwa kuwa ndivyo yeye mwenyewe angefanya. Wewe seremala ulikuwa na miaka tisa, ukasema alirudi kumfungua mbuzi, na mbuzi kweli alikuwa amefungwa, ila upande mwingine kabisa wa nyumba. Maelezo ya shahidi wa saba, ambaye ni mimi, niliyaandika kwa mkono wangu, maana wakati ule nilikuwa karani wa mahakama. Niliandika kwamba nilikuwa barabarani, kwamba sikusikia neno lolote, na kwamba sababu ya marehemu kurudi haijulikani. Nikala kiapo juu ya maneno hayo. Baadaye nilisoma sheria nikawa hakimu, na niliwafunga watu kwa uongo mdogo kuliko huo.

Sikuwa barabarani. Nilikuwa langoni, hatua kumi na mbili kutoka alipokuwa, nimezipima mara nyingi tangu siku ile. Mlima ulikuwa unaguruma kama lori linalopandisha na mzigo, mama yenu anakuja kwangu mikono mitupu, nami nikaitazama ile mikono nikasema neno moja: "Sanduku?" Aligeuka. Mnajua kanuni ya nyumba hii, kwamba likitokea la kutokea sanduku la hati hutoka kwanza. Niliiweka wiki aliyoingia hapa akiwa bibi arusi, naye aliishika kuliko nilivyostahili. Nilisikia mlango ukijifunga nyuma yake, kisha nikamsikia akiusukuma. "Umekwama," alisema, kwa sauti ileile ya kusema chumvi imekwisha. Nilikimbia, nikavuta, na kishikio kikang'oka kikabaki mkononi mwangu. Kisha mlima ukamalizia.

Walimfukua siku ya pili, sanduku amelikumbatia, karatasi zote kavu. Watu wakasema kwamba hata katika kufa kwake amewaachia wanawe ardhi, nami nikawaacha waseme, mpaka ninyi wenyewe mkakua mkilisema hilo kwa fahari. Sasa pimeni. Hati iliyokuwa ndani ya sanduku lile ilikuwa na nakala katika masijala ya ardhi, yenye mhuri uleule na nambari ileile, na aliyeipeleka ni mimi, miezi minne kabla. Karatasi ile hata ingelowa au kuliwa na mchwa, shamba lingebaki letu. Nilikuwa nalijua hilo nikiwa pale langoni. Sikulisahau, sikulifikiria tu, na mpaka leo sijaweza kuamua kama kati ya mawili hayo kuna tofauti inayomsaidia mshtakiwa.

Liko pia la mjomba wenu, kaka yake mama yenu. Nimewafundisha kumwona mtu wa fitina, mkamkwepa hata sokoni. Wiki moja kabla ya msiba nilimwita aupige randa mlango ule. Aliutazama, akaning'iniza kamba ya timazi kwenye fremu kupima wima, akacheka. "Shemeji," akasema, "mlango huu hauna kosa. Nyumba yako ndiyo inayopinda. Nikupunguzie mbao leo, utaniita tena wiki ijayo, mimi sina hasara." Nikamjibu kwamba yeye ni seremala wa kwanza kuniletea mahubiri nilipoagiza kazi, nikamtafuta mwingine akapiga randa. Siku ya mazishi alinisogelea mbele ya watu akaniuliza, taratibu, "Randa iliingia vizuri?" Tangu hapo nilimpiga marufuku kukanyaga ua huu. Ugomvi huo mliurithi kwangu bila kuuchunguza, na leo nauondoa katika urithi. Mwendeeni. Chini ya karatasi, ndani ya sanduku, mtakuta kishikio kimefungwa kwa kitambaa. Mpeni, mwambieni alisema kweli na mimi nililijua siku ileile aliponiuliza.

Sasa wewe, seremala, nijibu moyoni. Mlango wa chumba hiki umeupiga randa mara ngapi mwezi huu? Mara mbili. Uliniambia mbao imevimba kwa unyevu. Mbao ile ina miaka ishirini na mitano, tangu nilipoijenga upya nyumba hii palepale, ilikwisha kukauka kabla hujaota ndevu. Na tazama, hata sasa haufungiki. Kamba ya kuanikia nguo, ambayo mkamwana alikuwa akilalamika imelegea mpaka mashuka yanafagia chini, imekaza kama waya na hakuna aliyeikaza, kwa hiyo nguzo zake zimeachana. Uzio wa juu umeinama kuelekea kwetu. Jana nilimwomba muuguzi anichotee maji ya chemchemi kwenye glasi, akadhani ni kiu ya mgonjwa. Glasi ile iko dirishani. Iangalieni rangi yake.

Mtaniuliza mbona afisa wa maafa alipopita kupaka alama nyekundu kwenye nyumba za kuhamwa, kumi na moja alizipaka na yetu akairuka. Aliiruka kwa sababu nilimhoji. Nilimuuliza ametumia kipimo gani, cha lini, na kwa mamlaka ya kifungu kipi, mpaka akafunika kopo lake la rangi na kuniomba radhi. Ninyi mlisimama hapo uani mkinionea fahari. Kesi nilishinda, mlima haukuwepo kusikiliza.

Nami ningekufa na haya yote, nakiri, kama si zoezi la mwisho la kuikimbia nyumba. Najua mnavyoyacheka mazoezi yangu. "Bwana Kielelezo amepuliza filimbi, vaeni majoho." Nimesikia. Mwezi uliopita nilipuliza, mkatoka vizuri, mkamwana naye yuko nje tayari, ndipo wewe seremala ukamtania: "Sanduku umeacha, mzee atakufungulia kesi." Akacheka, akageuka, akaingia. Nilikuwa kwenye kiti, na niliuona mgongo wa mwanamke ukipotea mlangoni kwa ajili ya karatasi zangu, mara ya pili katika maisha yangu. Alitoka anahema. "Baba, hili hapa," na mkapiga makofi. Tangu siku ile chakula hakinipiti, na muuguzi anadhani ni tumbo.

Ile orodha iliyobandikwa nyuma ya mlango, ing'oeni. Niliiandika mimi: sanduku mstari wa kwanza, maji ya kunywa wa pili, tochi na redio wa tatu, watu kukusanyika barabarani wa nne. Watu niliwaweka wa nne. Andikeni upya, mstari mmoja: watu, na aliyetoka harudi. Viatu na tochi vikae pale mtu anapoamkia. Milango ya ndani iondolewe bawaba kabisa, mpate nafasi ya kupita. Mkikimbia msifuate korongo, maana ndiko tope litakakopita. Kateni kushoto, ubavuni, mpaka uwanja wa shule, na hapo mhesabiane kwa majina.

Nyumba hii simwachii mtu. Naiondoa katika urithi kama nilivyouondoa ugomvi. Kile kiwanja cha tambarare, ng'ambo ya barabara, ni chenu wote wawili kwa sehemu sawa, na muuguzi asije akaambiwa yeye ni wa kuolewa. Wewe seremala ujenge huko, na umwombe mjomba akusimamishie fremu. Nakala ziko masijala. Sanduku lenyewe...

Nipeni maji. Si hayo ya dirishani.

Nimewasikia mkinong'ona jikoni. Muuguzi anasema nikibebwa kwenye njia ile nitaishia njiani, na seremala anasema basi tungoje, mzee kwanza, tutahama akishapumzika. Nimewaelewa. Mmeniweka mstari wa kwanza. Wanangu, sasa mimi ndiye sanduku. Mnataka kusimama mlangoni kwa ajili ya kitu ambacho kimekwisha kazi yake, na nakala zake ni ninyi.

Tokeni leo, kabla jua halijageuka. Mkitaka kunibeba, nibebeni. Nikiishia njiani, nimeishia nje, na nitashukuru. Mkiona sibebeki, niacheni na glasi hii, mlango wazi. Asirudi mtu. Hata nikiita. Hasa nikiita.

Mkamwana, lete mkono... Mtoto huyo azaliwe mahali pakavu. Mlale usingizi wa watu wasiosikiliza mlima. Mpendane bila maandishi. Nimewasamehe, ingawa sikumbuki kosa. Mnisamehe mkiweza, na kama hamwezi, nitaelewa sababu zenu.

Wapo watakaosema mama yenu angerudi tu hata nisingesema neno, kwa kuwa kanuni alikuwa nayo kichwani. Wapo watakaosema neno lile ndilo lililomgeuza. Nimezisikiliza pande zote mbili miaka yote hii, na hakimu ambaye ni mshtakiwa hafai kuamua. Amueni ninyi, wanangu. Ila msiamulie humu ndani. Vukeni kwanza barabara, mhesabiane... halafu muamue.