Paskazia wa Katoro na Supu ya Mlimani

Ndugu waombolezaji, marehemu Paskazia Bujiku, Mama Boaz, aliacha agizo kuhusu maneno haya. Alimwambia wifi yake Mageni, ambaye ndiye anayeyasoma: "Msije mkanisomea wasifu wa malaika mpaka watu wadhani wamekosea msiba. Semeni nilikuwa na wivu." Agizo la marehemu halivunjwi. Alikuwa na wivu.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 katika hospitali ya Kolandoto, mtoto wa tatu wa Mzee Bujiku, mfugaji. Mdogo wake alipozaliwa na kufungwa mgongoni kwa kanga mpya, Paskazia aligoma kula mpaka naye abebwe, ilhali alikwisha kuwa mkubwa wa kuchunga ndama. Mama yao alimbeba, akatembea naye hadi kisimani huku majirani wakicheka.

Alisoma shule ya msingi Kolandoto kuanzia 1974 hadi 1980, kisha akajifunza upishi kwa masista mjini Shinyanga. Huko alisikia chapati za mwenzake zikisifiwa. Kuanzia siku hiyo jiko la masista halikupoa, hadi za kwake ndizo zikapelekwa mezani kwa Baba Askofu.

Tarehe 7 Oktoba 1989 alifunga ndoa na Stanslaus, fundi mitambo wa Kagongwa. Katika ng'ombe wa mahari mmoja alikuwa chongo, na huyo chongo alitajwa kila walipogombana. Mungu aliwajalia watoto watatu: Boaz, Juliana na Fausta.

Mwaka 2001 aliajiriwa jikoni kwenye kambi ya mgodi huko Geita, ambako mumewe alikuwa fundi wa mashine za kuchoronga miamba. Mwaka 2007 alifungua mgahawa wake Katoro, nyuma ya mashine ya kusaga. Haukuwa na kibao, na mgeni angeweza kuupita asiuone, lakini wachimbaji waliotoka maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu, waliujua hata wakiwa wamefumba macho. Walikula supu ya makongoro, sato wa kuchoma, na michembe, viazi vitamu vikavu vilivyopikwa na karanga. Mmoja, akimwita mama kwa Kisukuma, alimwambia, "Mayu, siku ukihama hapa na mimi nahama." Jioni Paskazia alimsimulia mumewe maneno hayo, kisha akasubiri.

"Chumvi imetosha," alisema Stanslaus.

Hapo ndipo palipomuuma Paskazia maisha yake yote, na kosa halikuwa la chakula. Stanslaus na kaka zake walilelewa shikomeni, kwenye moto wa wanaume, ambako chakula cha kila jiko huletwa pamoja na hakuna anayetamka kipi ni kitamu zaidi. Kaka yao mkubwa, Mwigulu, alijisahau akausifia mlenda wa mkewe. Kabla jua halijachomoza, mashangazi walikwisha fika na dawa ya kutapisha, wakidai kijana kalishwa limbwata, dawa ya mapenzi. Stanslaus alimwona kaka yake akitapika nyuma ya zizi. Tangu hapo mdomo wake ulifungwa kwa habari ya mapishi ya nyumbani.

Januari 2008 mgodi ulimpeleka Austria kujifunza mashine mpya, yeye na mwenzake Fredy. Mwisho wa wiki wenyeji wao waliwapeleka kwenye Milima ya Alpi, watu wanakoteleza juu ya theluji wakiwa na mbao miguuni. Fredy aliteleza vizuri. Stanslaus aliteleza kwa makalio, akaona yatosha. Migahawa ya kileleni ilikuwa na muziki na watalii waliojazana, hivyo akashika urafiki na madereva wa mitambo ya kushindilia theluji, nao wakamwonyesha wanakokula wenyewe. Kilikuwa kibanda cha mbao nyuma ya msitu, njia isiyoshikwa na mtalii. Palikuwa na supu ya shayiri na nyama ya moshi, mkate wa jibini iliyoyeyushwa, na jiko kubwa la kuni ambalo watu huvua viatu na kuliegemezea nyayo. Nje, kwenye ukuta unaopigwa na jua, palikuwa na benchi lililotandikwa ngozi ya kondoo. Chini kidogo kulikuwa na kijumba cha mvuke cha kutolea uchovu, wake kwa waume pamoja. Mwenye pahali hapo alikuwa mjane aitwaye Theresia.

Stanslaus aliporudi alihadithia yote, hata yasiyohitajika.

"Mjane," alisema Paskazia. "Wa umri gani?"

"Sikumuuliza."

"Na huko kwenye mvuke ulivaa nini?"

"Taulo."

"Na yeye?"

Stanslaus akaomba maji ya kunywa.

Kila aliposafiri tena alirudi na sifa za supu ile. Paskazia, ambaye hakuwahi kupewa neno moja tamu kwa supu yake, aliwaka. Alikasirika hata kwamba mwanamke huyo alikuwa na jina ambalo hata kwetu wengi wanalo. Aliagiza jibini kutoka Mwanza, akaiyeyusha juu ya mkate, akamwandalia mumewe. "Ya kule inavutika zaidi," akasema yule bwana, na nyumba ilinuniwa hadi Jumapili. Kwa wifi yake alilia wazi: "Angekuwa na hawara ningempiga. Sasa supu nitaipigaje?"

Februari 2018, katika safari ya mwisho kabla ya kustaafu kwa Stanslaus, mgodi ulimruhusu aende na mwenza wake. Paskazia alifunga pilipili, ndimu na makongoro yaliyokaushwa ndani ya kitenge, akawapita maafisa wa uwanja wa ndege kwa salamu nyingi. Alipandishwa mlimani kwenye kiti kinachoning'inia kwenye waya, amefumba macho akisali. Kibandani alimkuta bibi wa miaka sabini na kitu, mwenye aproni, aliyemtazama toka utosini hadi viatuni. Theresia alitua bakuli la supu mezani, akashika kiuno, akasema maneno kwa ukali. Fredy, aliyekuwa safarini nao na alikwisha jifunza Kijerumani, alitafsiri.

"Anasema: kumbe upo! Kila mwaka bwana huyu anamaliza supu yangu, analamba kijiko, halafu anasema ni nzuri, mama, lakini ya mke wangu! Anasema nilidhani amekubuni ili kunitesa."

Paskazia aliweka kijiko chini. Alimwangalia mumewe, naye akaangalia dirishani. Wanawake wawili walikuwa wameoneana wivu muongo mzima, kila mmoja akipigwa kwa sifa za mwenzake, kwa sababu ya mwanamume aliyeweza kusifu tu pale mwenye kusifiwa asipokuwepo.

Akabeba furushi lake la kitenge, akaingia jikoni bila kukaribishwa. Makongoro yalipoiva, Theresia alionja, akaonja tena, akatoka kwenda kukaa kwenye benchi peke yake. Baadaye Paskazia alimfuata, akavua viatu, akakaa naye juu ya ngozi ya kondoo wakiota jua. Aliporudi Katoro aliweka benchi kama lile nyuma ya mgahawa, na wachimbaji wakapaita Ulaya Ndogo.

Lakini moyo wake haukutulia. Alimwambia mumewe, "Nimesikia kwa Theresia. Nataka nisikie kwako."

"Mama Boaz, watu watasikia."

"Ndiyo wasikie!"

Stanslaus alicheka, akainama kufunga kamba za viatu.

Afya ya Paskazia ilianza kudhoofika mwaka 2023 kwa maradhi ya moyo. Alitibiwa Geita, kisha akalazwa Kolandoto, hospitali alikozaliwa. Mchana wa tarehe 8 Juni 2024 alisukuma uji kando, akamuuliza mumewe swali lilelile. Stanslaus alitazama vitanda vya jirani. "Wodi imejaa, mke wangu. Tukifika nyumbani nitasema." Kesho yake asubuhi Bwana alimwita, na nyumbani hawakufika pamoja.

Ameacha mgane, watoto watatu, wajukuu saba, na benchi moja la Katoro ambalo tangu msiba hakuna aliyethubutu kulikalia. Kutoka mlimani, Theresia ameleta salamu kwa simu ya Fredy: "Sasa nitamwonea nani wivu?"

Mgane ameshindwa kusimama kusema. Ameomba yasomwe maneno yake, kwa sauti, mbele ya Kagongwa nzima na mashangazi waliobaki: "Mama Boaz, supu yako iliishinda ile ya mlimani tangu siku ya kwanza. Iliishinda ya mama yangu pia. Anayetaka kuleta dawa ya kutapisha, nyumbani anapajua."

Pumzika kwa amani, wifi. Watu wamesikia.