Jina Moja, Visanduku Viwili

Ndugu waombolezaji, baba yetu, ambaye kazini alijulikana kama Wembe, alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa tano wa fundi cherehani, akaanza shule mwaka 1964 na kumaliza sekondari mwaka 1976, ambako mwalimu wa baiolojia alimwonyesha ngozi ya kitunguu kwenye hadubini, na kwa maelezo yake mwenyewe, tangu siku hiyo hakuwahi kutazama mboga kwa utulivu.

Tarehe 3 Agosti 1981 aliajiriwa katika maabara ya hospitali, chumba namba 14, chenye dirisha moja lisilofunguka, ambako kwa miaka arobaini na moja alipokea vipande vya miili ya wagonjwa, akavigandisha ndani ya nta, akavikata vyembamba kuliko ile ngozi ya kitunguu, akavitia rangi na kuviweka kwenye vioo ili daktari avisome. Alistaafu mwaka 2017, akaagwa kwa hotuba na saa ya ukutani, na Jumatatu iliyofuata akaitwa arudi kwa mkataba, kwa kuwa suala la mrithi wake lilikuwa linashughulikiwa, na hadi leo linashughulikiwa.

Tarehe 14 Desemba 1985 alimwoa mama yetu, muuguzi wa wodi ya upasuaji, wakajaliwa watoto watatu, ambao mezani tulifundishwa kwamba seli za kazi moja hufanya tishu, tishu zikishirikiana hufanya ogani, ogani hufanya mfumo, na mifumo yote ikipatana ndipo mtu anaweza kuambiwa akaoshe vyombo.

Januari 2022 alianza kuumwa tumbo, na tarehe 7 Februari kipande cha ini lake kikaletwa chumba namba 14, ambako hapakuwa na fundi mwingine, akakikata mwenyewe, akajaza fomu kwa ukweli, kisanduku cha mgonjwa yeye na kisanduku cha fundi yeye, na ofisi ya kumbukumbu ikaikataa kwa kosa la kurudia jina. Bila fomu hiyo hapakuwa na majibu, na bila majibu hapakuwa na matibabu. Aliirudisha mara tatu, hata karani akamwambia, "Mzee wangu, mtu hawezi kukaa visanduku vyote viwili," naye akajibu, "Hata mimi nilidhani hivyo, mwanangu."

Mama alimsihi aandike jina lolote, hata la mlinzi, akakataa, akisema hakuna kioo kilichowahi kutoka chumba kile na jina la uongo. Mama akamuuliza, "Basi wewe umeona nini?" Akasema, "Seli zimesahau kwamba ni ini."

Hatimaye ofisi iliipokea fomu, majina yakiwa yaleyale, na majibu yakatoka tarehe 14 Machi. Daktari alisema wiki zile tano zisingebadilisha kitu, na mama hakubishana naye. Baba alifariki tarehe 19 Novemba 2022.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopokezana kumwogesha, wafanyakazi wenzake, na ofisi ya kumbukumbu, iliyotoa cheti cha kifo siku hiyohiyo, jina likiwa limeandikwa mara moja tu.

Chumba namba 14 kimefungwa, vipande vinasubiri. Wewe usiamke, Wembe. Pumzika kwa amani.